UZI: Frank Woolworth, meza ya senti 5, na mambo mawili ambayo huachwa katika habari zake

MpangaMeza:

Wakuu, habari za jioni.

Anayepita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anaijua sauti ya "jero jero, kila kitu jero!" Turubai chini, vichujio vya chai, vibanio vya nguo, vitana, nyembe, vyote bei moja. Wengi tunadhani mtindo huo umekuja na makontena ya kutoka China. Mtu aliyeufanya kuwa biashara ya dunia nzima alianza 1879, kwa senti 5 za Kimarekani, na jina lake ni Frank Winfield Woolworth.

Nimekuwa muuza duka wa kuajiriwa miaka 6 kabla ya kupata meza yangu, na huyu mtu nimemsoma kwa muda mrefu. Kila habari zake zinapoletwa humu huja kwa sura ileile: alikuwa maskini, akajituma, akatajirika. Mambo mawili huachwa. La kwanza ni mtu aliyempa mzigo wa kwanza kwa mali kauli, yaani achukue alipe akiuza. La pili ni mabinti waliosimama nyuma ya kaunta zake. Mimi nitayaweka yote mawili, kwa sababu bila hayo maisha yake hayaeleweki.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1852 huko Rodman, jimbo la New York. Msidhani ni mjini; ni mashambani, juu kaskazini, si mbali na mpaka wa Kanada, penye theluji miezi mingi. Baba yake alilima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Frank na mdogo wake Charles Sumner, nyumbani wakimwita Sum, walikulia kwenye kazi hiyo, na Frank aliichukia kwa moyo wote. Hakuchukia kazi kwa jumla, alichukia shamba. Walipokuwa wadogo walicheza duka juu ya meza ya chakula, mmoja akiuza mwingine akinunua.

Machi 1873, akikaribia miaka 21, alikwenda Watertown kuomba kazi katika duka la vitambaa la Augsbury na Moore. Hakuwa na uzoefu wowote. Wakamkubali kwa sharti kwamba miezi 3 ya kwanza afanye bure. Baada ya hapo akawekewa dola 3 na nusu kwa wiki, ambayo ndiyo fedha aliyokuwa akilipia chakula na mahali pa kulala. Hakuna kilichobaki.

Na hapa ndipo wengi wanashangaa: alikuwa muuzaji mbovu. Wateja walimshinda. Wakamwondoa kaunta wakamweka kwenye kufagia, kufuta vioo na kupanga bidhaa dirishani. Kwenye dirisha ndipo kipaji chake kilipoonekana. Moore alikiona, na jina la Moore mlikumbuke.

Naendelea, nipeni dakika chache.

Bahati_Nyasa:

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, fafanua kidogo. Mtu mbovu wa kuuza anafanikiwaje kwenye biashara ya maduka? Alikosa nini hasa?

MpangaMeza:

Bahati, swali lako ndilo roho ya uzi huu, acha nilijibu kwanza.

Maduka ya wakati ule hayakuwa kama ya leo. Bidhaa zote zilikaa nyuma ya muuzaji, kwenye rafu na madroo. Mteja alisimama upande wa pili akaomba aonyeshwe. Kwenye kipande cha karatasi cha bei iliandikwa bei kwa alama ya siri ambayo muuzaji peke yake aliisoma, na mwenye duka alitaka muuzaji apate zaidi ya bei hiyo kadiri ulimi wake ulivyoweza. Kwa hiyo kuuza kulikuwa maneno matupu. Frank alikuwa mpole na mwenye haya, akizungumza na mteja anatoka jasho.

Mimi hili nimeliona kwa macho yangu, upande wa mteja. Mama anakuja, anashika sufuria, anaigeuza, anagonga kitako chake kwa kidole, anauliza bei. Unamtajia. Anairudisha taratibu mahali pake kama vile imemuunguza, anasema "nitarudi". Hakuondoka kwa sababu ni ghali. Ameondoka kwa sababu amelazimika kuuliza mbele za watu na hana ya kujibu. Ukimwandikia bei kwenye kadi, atasimama pale, atahesabu fedha yake kwenye pindo la kanga bila mtu kumjua, kisha ataamua mwenyewe.

Woolworth hakuwa na ulimi, ndiyo maana alihitaji duka lisilohitaji ulimi. Bei moja, imeandikwa, bidhaa ziko wazi, mteja anashika anavyotaka. Bei isiyobadilika hakuibuni yeye. Akina John Wanamaker wa Philadelphia walikuwa nayo tayari. Hata meza ya senti 5 ilikuwa imejaribiwa na wengine. Alichofanya yeye ni kukishikilia kitu hicho bila kukiacha pale wengine walipodhani ni mchezo wa siku mbili.

Tuendelee. Katikati alihama, akaenda duka jingine lililomwahidi dola 10 kwa wiki. Usiku alilala chini ya duka hilo akililinda na bastola. Mwajiri alipoona hauzi, akamshusha hadi dola 8. Frank alivunjika, akaugua, akarudi shambani karibu mwaka mzima. Aliyemuuguza ni Jennie Creighton, fundi cherehani kutoka Kanada, wakaoana Juni 1876. Kisha Moore, yule bosi wa kwanza, akamrudisha kazini kwa dola 10.

1878 Moore alinunua mjini New York mzigo mdogo wa vikorokoro vya nyumbani: sindano za kufumia, vitana, sabuni, vidude vya watoto. Siku za maonyesho ya wilaya waliunganisha meza, wakazifunika kitambaa, wakapanga vitu juu yake na kuweka kadi: chochote hapa senti 5. Aliyepanga ni Frank. Jioni meza ilikuwa tupu. Na uzuri wake ni kwamba Moore aliongezea humo bidhaa zake zilizododa, nazo zikaondoka pamoja na mpya. Mliowahi kukaa na mzigo uliododa mnajua maana ya jambo hilo.

Mzee_wa_Hesabu:

Hapo kuna sababu ya kiuchumi usiiache. Marekani ilipata anguko la fedha 1873 na miaka iliyofuata bei zilishuka. Viwanda vilikuwa na mali, watu hawana fedha. Senti 5 ilikuwa na nguvu ambayo isingekuwa nayo wakati wa neema.

MpangaMeza:

Kweli kabisa mzee wangu, umenisaidia. Kipindi kile muuza jumla alikuwa tayari kupokea chochote ili mzigo utoke ghalani.

Sasa mali kauli. Frank alitaka duka zima la senti 5. Mtaji hakuwa nao. Moore akampa bidhaa za dola 300 na ushee kwa neno tu, alipe akiuza. Moore mwenyewe wakati huo hakuwa tajiri, duka lake lilikuwa linayumba. Hebu fikirini: una kijana wa miaka 26 aliyeshindwa kuuza kaunta yako, aliyevunjika afya kazini kwa mwingine, unampa mzigo wa miezi kadhaa ya mshahara wake akaanzishe duka mji mwingine. Mimi nimezungukia wauzaji wa jumla 4 kabla ya mmoja kukubali kuandika jina langu kwenye daftari lake, na siku aliyokubali sikulala kwa furaha na woga.

Duka lilifunguliwa Utica, New York, Februari 22, 1879. Mapipa ya vitu vidogo: vikombe vya bati, vichujio vya mchuzi, vijiko vya kuchotea, sepeto ndogo za kutolea majivu, nyundo ndogo, leso nyekundu. Wiki za mwanzo zilienda vizuri, kisha mauzo yakaporomoka. Mtaa wenyewe haukuwa wa kupita watu, na wateja wa pale walikuwa wameshakizoea kile kitu kipya. Kabla ya katikati ya mwaka akafunga.

Hakufunga akarudi Watertown kulia. Alihamisha kilichobaki hadi Lancaster, Pennsylvania, mji wenye wakulima wenye asili ya Kijerumani, watu wanaoheshimu senti. Tarehe 21 Juni 1879 alifungua. Siku hiyo moja aliuza dola 127 na senti 65. Kwa bei ya senti 5 kila kitu, piga hesabu: ni zaidi ya vitu 2,500 vilivyopita kwenye mikono ya wauzaji wake kwa siku moja.

Baadaye akaongeza bidhaa za senti 10, maana vitu vizuri vya senti 5 vilianza kuwa adimu. Akamwita Sum kutoka Watertown. Walijaribu Harrisburg, wakafunga. Wakajaribu York, wakafunga. Scranton, 1880, ikasimama, na Sum akaishikilia. Nawaomba mhesabu: katika maduka yake 5 ya kwanza, 3 yalikufa.

Zuhura_wa_Jumla:

Kaka, mimi naagiza mapambo ya sherehe. Nimewahi kusikia kwamba mapambo ya mti wa Krismasi ya vioo yaliingia Marekani kupitia kwake. Ni kweli?

MpangaMeza:

Dada Zuhura, hakuwa wa kwanza kuyaleta, ila ndiye aliyeyapeleka kwenye nyumba za watu wa kawaida. 1880 muagizaji mmoja wa Philadelphia alimwonyesha vibofu vya kioo vya rangi kutoka Ujerumani. Frank aliona ni vitu vya kuvunjikavunjika visivyo na kazi. Akachukua vya dola 25 kwa shingo upande. Vikaisha siku 2.

1890 akasafiri mwenyewe Ulaya. Alifika Lauscha, kijiji cha milima ya Thuringia ambako familia nzima, baba, mama na watoto, walifanya kazi ya kioo nyumbani: mmoja anapuliza kwenye moto, mwingine anamimina rangi ya fedha ndani, mwingine anapaka rangi na kufunga. Alifika na Sonneberg, mji wa wanasesere. Akaanza kununua moja kwa moja kwa watengenezaji, taslimu, kwa wingi, bila kupitia kwa muagizaji. Siri yake nyingine ndiyo hiyo: hakuuza rahisi kwa kukata faida yake, aliuza rahisi kwa kuwaondoa watu wa katikati. Ila bei ile ndogo ilibebwa na mtu fulani, na huko Lauscha waliibeba watoto.

1888 aliugua homa ya matumbo, akalala wiki nyingi, na maduka yakaendelea bila yeye. Hapo ndipo alipojifunza kuwaachia wengine. Kwenye maduka mengi ya awali meneja aliweka nusu ya mtaji na kugawana faida. Binamu yake Seymour Knox alianza hivyo, na Fred Kirby, aliyekuwa mfanyakazi mwenzao kwa Moore, alianza hivyo na Sum. Wote wakaja kuwa na minyororo yao ya maduka.

Dada_Kaunta:

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi bado niko kaunta, mwaka wa 4 sasa. Ulisema utawataja mabinti. Naomba usiwasahau.

MpangaMeza:

Sijawasahau dadangu, na nitaandika hili kwa uzito wake.

Duka lisilohitaji ulimi halihitaji muuzaji mwenye ujuzi. Ukishaandika bei na kuweka bidhaa wazi, unachohitaji ni mikono ya kufunga na kupokea fedha. Woolworth alilielewa hilo mapema, akaajiri wasichana wadogo na kuwalipa dola 2 au 3 kwa wiki. 1892 aliwaandikia mameneja wake waziwazi kwamba bila vibarua wa bei rahisi hawawezi kuuza bidhaa za bei rahisi, na kwamba binti akishakuwa hodari kiasi cha kupata zaidi kwingine, wamwache aende.

Mtu aliyeandika hivyo ndiye yule aliyefanya kazi miezi 3 bure. Ndiye aliyeshushwa kutoka dola 10 hadi 8 akaugua. Hili linaniuma kila ninapolisoma. Aliyajua maumivu yale kwa mwili wake mwenyewe, na bado akawapitishia wengine. Moore alipomwona kijana asiyeweza kuuza, alitafuta kile anachokiweza akampa dirisha. Yeye alipopata mabinti maelfu, aliwahesabu kama gharama ya kupunguza.

Duka nililoanzia kazi, silitaji jina, tulisimama tangu saa 2 asubuhi hadi saa 1 usiku bila kiti. Kitu kikipungua kwenye hesabu ya jioni tulikatwa wote, aliyekuwepo na asiyekuwepo. Mwenzetu mmoja alikuwa mjamzito. Tulimzibia nyuma ya maboksi ya sabuni ili aketi dakika 10, mmoja wetu akiangalia mlango. Kwa hiyo nikisoma dola 2 kwa wiki, nawaona watu.

Mzee_wa_Hesabu:

Mleta mada, naheshimu uchungu wako, lakini namtetea kidogo. Faida ya kitu cha senti 5 ni nusu senti, senti 1. Angelipa kama maduka makubwa ya mjini, yangekufa yote kama Utica, na hao mabinti wasingepata hata hizo 2. Tena wengi wao hiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza nje ya nyumba.

MpangaMeza:

Mzee wangu, kwa maduka 5 ya kwanza nakubaliana nawe kabisa. Mwaka 1880 hakuwa na cha kutoa. Lakini twende 1912. Mwaka huo minyororo 6, ya Frank, Sum, Knox, Kirby, mfanyabiashara mwingine aitwaye Charlton, na maduka ya Moore, iliunganishwa kuwa kampuni moja yenye maduka 596 na mtaji wa dola milioni 65. Mwaka uliofuata, usiku wa Aprili 24, 1913, Rais Wilson alibonyeza kitufe akiwa Washington na taa kama 80,000 zikawaka kwenye jengo la Woolworth, New York. Mita 241, refu kuliko majengo yote duniani hadi 1930. Liligharimu dola milioni 13 na nusu, na Frank alililipa kwa fedha taslimu bila mkopo. Ndani, kwenye ukumbi wa chini, kuna sanamu yake ndogo iliyochongwa ukutani, ameinama anahesabu sarafu.

Fedha ile taslimu inaonyesha kwamba kufikia hapo nafasi ya kuongeza mshahara ilikuwepo. Hakuwa amebanwa tena, alichagua.

Kijana_wa_Ubungo:

Wakuu, hii Woolworths ya nguo tunayoisikia Nairobi na Afrika Kusini ndiyo yake?

MpangaMeza:

Hapana. Hiyo ilianzishwa Cape Town 1931 na Max Sonnenberg, ikachukua jina tu. Ya Australia vilevile, jina limeazimwa. Ile ya Uingereza ndiyo yake halisi: duka la kwanza Liverpool, Novemba 1909, bidhaa za peni 3 na peni 6. Waingereza waliipenda kama yao. Ilikufa Januari 2009 ikiwa na maduka 807 na wafanyakazi kama 27,000.

Bahati_Nyasa:

Na ya Marekani ndiyo iliyokataa kuwahudumia weusi?

MpangaMeza:

Ndiyo, ingawa Frank alikuwa amekufa zamani. Greensboro, North Carolina, Februari 1, 1960. Vijana 4 wa chuo, Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, waliingia Woolworth, wakanunua vitu vidogo kwenye kaunta ya kawaida, wakapewa na chenji. Kisha wakaketi kwenye kaunta ya chakula ya duka hilohilo wakaagiza kahawa. Wakakataliwa. Fedha ya mtu mweusi ilikuwa nzuri kwenye kaunta ya dawa ya meno, hatua chache mbele haikutosha kumpa kiti. Hawakuondoka hadi duka lilipofungwa, na kesho yake wakarudi wengi zaidi. Mwishoni mwa Julai kaunta ilifunguliwa kwa wote. Jengo lile leo ni makumbusho.

Maduka ya Marekani yalifungwa 1997. Kampuni yenyewe haikufa. Ilikuwa na maduka ya viatu na baadaye ikaja kuitwa Foot Locker.

Zuhura_wa_Jumla:

Kaka, aliishiaje yeye mwenyewe na familia yake?

MpangaMeza:

Kwa huzuni, dada. Binti yake Edna alifariki 1917, na Jennie, yule fundi cherehani aliyemuuguza, alipoteza kumbukumbu kiasi cha kutomtambua mtu. Frank aliogopa sana madaktari wa meno. Meno yake yaliyooza yakaingiza sumu mwilini, akafa Aprili 8, 1919, siku 5 kabla ya kutimiza miaka 67. Kampuni ilikuwa na maduka zaidi ya 1,000. Wosia mpya hakuwahi kuutia sahihi, ukatumika ule wa 1889, ambao ulimwachia Jennie kila kitu, yeye asiyejua tena ni nini. Mjukuu wake Barbara Hutton, mtoto wa Edna, alirithi mamilioni akiwa mdogo na akafa 1979 karibu hana kitu.

Dada_Kaunta:

Asante kaka kwa kutuandika. Swali la mwisho: Moore alilipwa?

MpangaMeza:

Alilipwa, na zaidi ya deni. Duka la Moore lilipokaribia kufilisika katika miaka ya 1880, aliyemsimamisha ni Frank. Alimsaidia kwa mtaji, akamgeuzia duka kuwa la senti 5 na 10. Na kwenye muungano ule wa 1912, katikati ya watu wenye minyororo mikubwa kuliko yake, aliingizwa Moore na maduka yake machache, akapewa cheo cha makamu wa rais wa heshima. Alifariki 1916. Duka lake lilikuwa bado Watertown, mji uleule ilikowekwa ile meza.